Shakespeare alioa Anne yupi?
Msee, ukidhani jina lako kukosewa kwenye kitambulisho ni balaa, skia hii. Novemba 27, 1582, karani wa askofu wa Worcester aliandika kuwa William Shakespeare amepewa kibali cha kumuoa Anne Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake, hati ya dhamana ikamtaja Anne Hathwey wa Stratford. Wanawake wawili?

Kuna walioibuka na stori nzima ya mpenzi aliyeachwa kwenye mataa. Lakini siku ile ile, karani alikuwa na kesi ya Whateley mwingine mezani. Wasomi wengi wanasema alichanganya majina tu.

Ukisaka ukoo wenu, usiamini karatasi moja. Unaweza kumlilia nyanya ambaye hakuwahi kuzaliwa.