Kipima umbali: Usinunue namba ya kwenye boksi

Kwenye viwanja vya mtaani Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda, faulo jirani na goli ni vurugu ileile ya kila mahali. Mwamuzi anahesabu hatua zake, mabeki wanarudi nyuma huku wananung'unika, akigeuka tu ukuta umeshapanda tena. Sheria inataka mita 9.15, yaani yadi 10 za Waingereza, na hata FIFA iliona macho hayatoshi ikawapa waamuzi povu la kupuliza kwenye Kombe la Dunia la 2014 Brazil. Mabeki wakiiba mita moja, mpigaji atalalamika, mechi itaendelea.

Porini hakuna wa kumlalamikia. Mpanda ni njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako kuwinda ni marufuku, lakini nje ya hifadhi yapo mapori ya akiba na vitalu ambako mwenye leseni anafuata nyati, kongoni, kuro au swala. Huyo ndiye mteja wa kipima umbali, kifaa kidogo kinachotazamwa kwa jicho moja kama nusu ya darubini. Unabonyeza, mwanga wa leza usioonekana unaenda kumgonga mnyama na kurudi, kifaa kinapiga hesabu ya muda na kukuandikia umbali.

Umbali wenyewe una uzito gani? Chukua bunduki ya .30-06 iliyorekebishwa kugonga sawasawa kwenye mita 200. Ikifika mita 300, risasi imeshuka sentimita 20 hadi 25 hivi, upana wa mpira namba 5. Mita 100 za ziada ni kama uwanja mmoja tu wa soka. Aliyekadiria kwa macho akakosea kiasi hicho, amelenga kifua, amevunja mguu. Kwenye uwindaji wa kitalii, mnyama aliyejeruhiwa akapotea analipiwa kama aliyeuawa. Akiwa nyati, pesa ndiyo shida ndogo. Kuna mtu itabidi amfuate kichakani.

Sasa ukifika dukani utavutwa na namba kubwa: mita 900, mita 1,500. Hiyo ni kama straika anayehesabu mabao ya mazoezini. Kipimo hicho hupatikana kwenye kitu kinachorudisha mwanga vizuri, mfano kibao cha barabarani. Mti hurudisha kidogo, ngozi ya mnyama kidogo zaidi, kwa hiyo boksi la 900 linaweza kugoma kwa swala hata kabla ya nusu yake. Na katika miombo ya Katavi, nani anaona mita 900? Miti inakufungia njia mapema sana.

Cha kuuliza ni kama kifaa kinapenya nyasi. Vingi vinavyouzwa ni vya gofu, vilivyotengenezwa kudaka kitu cha karibu, yaani kibendera, na kupuuza miti ya nyuma. Mwindaji anataka kinyume chake: kipuuze jani la mbele, kisome mnyama wa nyuma. Cha gofu kitakupa umbali wa kichaka, nawe utakiamini.

Angalia pia kama kinasoma yadi au mita. Yadi 300 ni mita 274 tu. Kwa wanaowinda kwenye miteremko, chenye kurekebisha mwinamo kinasaidia: mita 300 kwa mwinamo wa nyuzi 30 zinapigwa kama 260.

Jaribio lake halihitaji pori. Simama mita 10 nyuma ya goli lenye wavu, lenga kupitia wavuni mti au ukuta ulio nyuma ya goli la pili. Kikiandika 10, kimeona wavu, mrudishie muuzaji. Kikivuka 100, hapo mnaweza kuanza kuongea bei.