Mkao wa Mgonjwa na Picha ya Kifua

Mkulima wa mpunga aliyetoka Mchombe hadi Ifakara kupigwa picha ya kifua amekwisha kutumia nauli na siku nzima ya kazi. Kama safari hiyo itazaa jibu la kuaminika hutegemea, kwa sehemu kubwa, jinsi atakavyosimama mbele ya mashine.

Kwa kawaida mgonjwa husimama, kifua kikigusa kaseti, na mionzi hutokea mgongoni kutoka umbali wa takribani mita 1.8. Moyo uko upande wa mbele. Ukiwa karibu na kaseti, kivuli chake hukaribiana na ukubwa wake halisi. Akilazwa chali, mashine ikiwa juu yake, moyo huwa mbali na kaseti na kivuli hutanuka, kama kivuli cha mkono ukutani unapousogeza kuelekea kwenye taa. Kanuni yetu kwamba upana wa moyo wa mtu mzima usizidi nusu ya upana wa kifua inafaa kwa picha ya kwanza tu. Ndiyo maana napenda kuona neno "amelala" limeandikwa kwenye picha. Bila hilo, mtu mwenye moyo mzima aweza kuanzishiwa dawa za moyo.

Maji yaliyo katika utando wa mapafu nayo hufuata mkao. Mgonjwa akisimama, hutuama chini na kuziba pembe ya pafu; akilala chali, husambaa mgongoni na kuacha ukungu tu. Akilazwa ubavu, hata maji kidogo hujidhihirisha.

Madaktari wa mifugo wanalijua hili vizuri, kwani mbwa hupigwa picha akiwa amelala. Pafu la chini hubanwa na kupungukiwa hewa, na uvimbe uliomo hufichika. Ule wa pafu la juu huonekana. Hivyo anayetafuta saratani iliyosambaa hupiga ubavu wa kulia, wa kushoto, kisha mkao wa tatu.

Kwa kifua kikuu, ambacho kwa watu wazima hupenda kukaa kileleni mwa pafu, mabega yasukumwe mbele ili mifupa yake bapa iondoke juu ya mapafu. Misuko ya nywele ifungwe juu. Ikiangukia shingoni huacha kivuli palepale tunapotafuta ugonjwa. Mkufu na hirizi vivuliwe pia, kwa heshima na faraghani. Nawe mgonjwa, ukiambiwa "vuta pumzi, ishikilie", ivute hadi mwisho: pumzi nusu huyafanya mapafu yaonekane kama yana nimonia. Kikohozi kikikubana, sema kabla kitufe hakijabonyezwa.