Hisa za Mfuko wa Madini: Utajuaje Kama Bei ni ya Haki?

Mfanyabiashara wa viazi anayefika Keringet au Olenguruone haulizi bei peke yake. Kwanza hupima gunia aone kama kweli lina kilo 50. Hisa za mfuko wa uwekezaji wa madini zinahitaji mizani hiyo hiyo.

Mfuko wa aina hii hukusanya pesa za watu wengi na kununua hisa za kampuni mbalimbali za uchimbaji. Mfano ni BlackRock World Mining Trust, ulioanzishwa 1993 na ambao hisa zake huuzwa katika soko la hisa la London.

Pima gunia kwanza

Chukua thamani ya mali yote ya mfuko, toa madeni, kisha gawanya kwa idadi ya hisa. Tuseme mali ni Sh120 milioni, madeni Sh20 milioni, na hisa ni milioni 10. Kila hisa ina mali ya Sh10. Ikiwa sokoni inauzwa Sh8, kuna punguzo la asilimia 20. Ikiwa ni Sh11, unalipa asilimia 10 zaidi ya mali iliyomo.

Kisha uliza sababu

Punguzo si lazima liwe bahati. Kabla ya kununua, uliza:

• Punguzo hili ni kubwa kuliko la miaka mitano iliyopita? Kama limekuwa hivyo siku zote, huenda lisipungue.

• Migodi imebakiza miaka mingapi? Mgodi si shamba. Ukivunwa haupandwi tena. Base Titanium ilianza kusafirisha madini kutoka Kwale mwaka 2014, na Desemba 2024 ikasimamisha uchimbaji kwa kuwa madini yalikuwa yamekwisha.

• Thamani ilipigwa lini? Bei za madini hupanda na kushuka haraka. Hisa za kampuni zisizouzwa sokoni hukadiriwa tu.

• Ada za mwaka ni kiasi gani, na mfuko umekopa pesa ngapi?

• Utaweza kuuza ukihitaji pesa? Mfuko wa majengo wa Fahari uliuzwa Sh20 kwa kila kipande ulipoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2015. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo waliahidiwa Sh11 wakitaka kutoka, na mwaka 2024 mfuko ukaondolewa katika soko kuu.

Kabla ya kutoa pesa

Majibu haya hupatikana katika ripoti ya mwaka ya mfuko. Anayekuuzia akishindwa kukuonyesha ripoti hiyo, usitoe pesa. Hakikisha pia kwamba wakala ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Anayeahidi faida ya hakika kutokana na dhahabu au shaba anakudanganya, kwa sababu hakuna anayejua bei ya kesho.

Pesa za karo, mbegu au mbolea zisiingie humu. Kama chama chenu kinafikiria kuwekeza, fanyeni hesabu hii pamoja mkutanoni kabla ya kupiga kura.