Kasoro za Programu Hunaswa Kabla ya Kikao

Mkulima wa mahindi wa Peramiho au Mpitimbi anapokwenda kwa wakala wa pembejeo kuchukua mbolea ya ruzuku, haki yake imo ndani ya programu ya kompyuta. Tangu ruzuku hiyo ilipozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane mwaka 2022, jina la mkulima, namba yake ya simu na ukubwa wa shamba lake huingizwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, na taarifa hizo ndizo zinazoamua atauziwa mifuko mingapi kwa bei ya ruzuku. Kwa hiyo namna programu inavyokaguliwa kabla ya kuanza kutumika ni jambo linalomgusa mkulima wa Songea sawasawa na mhandisi wa Dodoma. Utaratibu unaoaminika zaidi unajulikana: wataalamu wanaitwa kikaoni, wanapitia kazi ukurasa kwa ukurasa, kasoro zinaandikwa kwenye muhtasari, kisha sahihi zinawekwa. Naona imani hiyo imeegemea mahali pasipofaa. Ukaguzi wa programu unafanya kazi, lakini nguvu yake haitoki kwenye kikao.

Aliyeupa ukaguzi huu umbo rasmi ni Michael Fagan wa kampuni ya IBM, katika makala aliyoichapisha mwaka 1976. Alitaka kundi dogo, kwa kawaida watu wanne, kila mmoja na jukumu lake: mwenyekiti, mbunifu, mwandishi wa programu na mjaribu. Wote walisoma nyaraka kwanza kila mtu peke yake, kisha wakakutana kwa muda usiozidi saa mbili. Katika mfano mmoja aliouripoti, asilimia 82 ya makosa yote yalipatikana kwa ukaguzi. Takwimu kama hiyo inashawishi, na haki yake ilikuwa kushawishi. Tatizo ni kwamba ilipokelewa kama uthibitisho wa kila kipande cha utaratibu, kikao kikiwemo, ilhali ilipima utaratibu mzima kwa pamoja. Tukinywesha mgonjwa dawa tatu akapona, hatujajua bado ni ipi iliyomponya.

Watafiti walipoanza kuvitenganisha vipande hivyo, picha ilibadilika. Mwaka 1993 Lawrence Votta, aliyekuwa Bell Labs, alihesabu ni kasoro ngapi zilizoibuka kikaoni kwa mara ya kwanza, zisiwe zimeonwa na yeyote alipokuwa akisoma peke yake. Zilikuwa karibu asilimia 4 tu. Wakati huohuo, kutafuta siku ambayo watu wote wana nafasi kulichelewesha kazi. Adam Porter na wenzake wakaenda mbele zaidi kwenye mradi halisi wa kampuni ya Lucent, wakibadilisha idadi ya wakaguzi: mmoja alipata kasoro chache, lakini wanne hawakuwapita wawili. Walipochambua zaidi kwa nini baadhi ya ukaguzi ulifanikiwa kuliko mwingine, tofauti kubwa ilitokana na nani amesoma, nani ameandika na kazi ilikuwa na ukubwa gani. Mpangilio wa utaratibu wenyewe ulieleza kidogo sana. Hapa ndipo ninapotaka viongozi wa taasisi zetu wasimame kwa muda mrefu, kwa sababu mpangilio ndio tunaoujua kuuandika kwenye hadidu za rejea, na msomaji ndiye tunayemsahau.

Msomaji naye hafai kwa kuwa na macho tu, anahitaji swali. Mwaka 1995 Porter, Votta na Victor Basili waliwapa wasomaji wa nyaraka za mahitaji ya mfumo maswali mahususi ya kufuatilia, na wasomaji hao waliwazidi kwa takriban asilimia 35 wale waliosoma kwa orodha ya jumla au bila mwongozo. Majaribio yaliyofuata hayakupata faida kubwa hivyo kila mara, na ni vema kulikubali hilo. Hata hivyo mantiki yake iko wazi. Mwambie mtu "angalia kama kuna kosa" naye ataona herufi zilizokosewa. Mwambie "fuatilia ekari tatu za mkulima huyu tangu daftari la kijiji hadi idadi ya mifuko" naye atalazimika kuuliza kama mahali fulani ekari inasomwa kama hekta, kosa ambalo lingezidisha haki ya mkulima karibu mara mbili na nusu. Kenya ilionja kosa la jamii hii Machi 2013, pale idadi ya kura zilizokataliwa kwenye skrini za Bomas, kituo cha taifa cha kujumlishia kura, ilipopita 300,000 na kuzua ubishi mkali kuhusu namna ya kukokotoa asilimia za wagombea. Tume ya uchaguzi ilieleza baadaye kwamba programu ilikuwa ikizidisha kila kura hiyo mara nane. Hesabu ya mwisho haikufika 109,000. Swali la kufuatilia kura moja tangu kituoni hadi skrini ndilo linaloelekea moja kwa moja kwenye kosa kama hilo.

Wapo watakaosema kikao kina manufaa mengine, na wana hoja. Philip Johnson na Danu Tjahjono walionyesha kwamba kikao hupunguza kasoro za uongo, yaani mambo yanayodhaniwa makosa kumbe si makosa. Utafiti wa Alberto Bacchelli na Christian Bird katika Microsoft mwaka 2013 ulikuta kwamba wahandisi wanapopitia kazi za wenzao wanapata kasoro chache kuliko wanavyotarajia, lakini wanaelewana na kufundishana zaidi. Basi vikao viitishwe kwa ajili ya hayo, kwa jina hilo, wala muhtasari wake usihesabiwe kuwa ushahidi kwamba programu ni salama. Wengine watasema majaribio ya kuiendesha programu yanatosha. Hayatoshi: katika jaribio la Basili na Richard Selby la mwaka 1987, wataalamu waliosoma programu walipata kasoro nyingi kuliko waliotumia mbinu za kuijaribu.

Pingamizi zito zaidi kwa mkoa kama Ruvuma ni uhaba wa watu. Halmashauri yenye maofisa TEHAMA wachache itawapata wapi wasomaji? Ushahidi unaipa nafuu, kwa kuwa wawili waliojiandaa wanatosha kwa sehemu nyingi. Kinachobadilika ni karatasi inayofika mbele ya kamati ya ukaguzi na mapokezi: badala ya kuonyesha nani alihudhuria, ionyeshe nani alisoma sehemu ipi, kwa swali gani, kwa saa ngapi, na alikuta nini. Na si kila msomaji awe mwandishi wa programu. Fagan mwenyewe alikagua usanifu kabla ya msimbo, na usanifu unaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Afisa ugani wa Magagura hahitaji kujua lugha yoyote ya kompyuta ili asome kanuni ya kugeuza ekari kuwa mifuko na kuuliza itakuwaje kwa mjane anayelima shamba lililosajiliwa kwa jina la marehemu mumewe, au kwa ndugu wawili wanaotumia simu moja.