Kutafsiri Anwani ya Filamu

Hapa Uganda tumezoea filamu kufasiriwa papo kwa papo kwa Kiganda vibandani. Wanafunzi wetu wanapojaribu kwa Kiswahili, hukwama mapema: kwenye anwani.

Tuchukue mfano wa Road to Perdition, filamu ya Marekani ya mwaka 2002 iliyoongozwa na Sam Mendes. Mwaka ni 1931, jimboni Illinois. Michael Sullivan (Tom Hanks) ni muuaji wa genge la wahalifu. Mwanawe mkubwa anashuhudia mauaji. Kwa sababu hiyo mtoto wa mkuu wa genge anawaua mama na mdogo wa kijana huyo. Baba na mwana wanakimbia. Wanakokwenda hatimaye ni Perdition, kwa jamaa yao.

Neno hilo lina maana mbili: jina la mahali, na maangamizi ya roho. Tukisema "Barabara ya Perdition", maangamizi yanatoweka. Tukisema "Njia ya Upotevu", mahali panatoweka.

Pendekezo letu ni "Njia ya Upotevuni". Kiambishi tamati -ni huigeuza nomino kuwa mahali, kama vile Kilimani na Mtoni. Aidha, kitenzi potea hubeba kukosa njia na kuangamia pia.

Je, kijana ataifuata njia ya babaye? Hilo ndilo swali la filamu nzima, nalo limo ndani ya anwani. Mfasiri akiacha maana moja, amemnyima mtazamaji swali lenyewe.