Picha za Tingatinga zisiwe za watalii peke yao

Ndugu Mhariri,



Ukimwuliza kijana wa leo maana ya tingatinga, atakujibu kuwa ni mtambo wa kusukuma udongo. Ni wachache watakaomtaja Edward Saidi Tingatinga, mwananchi aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, akafanya kibarua katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaja Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora picha ambazo leo zinajulikana duniani kote, ingawa hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Wanafunzi wake waliiendeleza kazi, na mwaka 1990 ukaandikishwa ushirika wa wachoraji wenye jina lake.

Mimi ni fundi wa kupaka rangi nyumba kwa miaka 18 sasa. Mwezi uliopita nilitembelea maonyesho ya picha katika kituo cha ushirika huo, Oysterbay, karibu na Morogoro Stores ambako picha za marehemu zilikuwa zikiuzwa. Niliyoyaona yalinistaajabisha. Palikuwa na chui wa manjano mwenye macho makali, tausi aliyetandaza mkia, samaki, mibuyu na ndege wa kila aina, rangi zimekolea kama kanga mpya dukani.

Lililonigusa zaidi ni kwamba Tingatinga alitumia rangi ya mafuta, ndugu yake hii tunayopakia milango na mageti, tena juu ya vipande vya ubao mwembamba kama vile vinavyopigiliwa darini. Nilisimama nikamtazama mchoraji mmoja kazini. Hupaka kwanza rangi moja ubao mzima, akaiacha ikauke. Halafu huweka umbo la mnyama, kisha madoa, na mwisho kwa brashi nyembamba hutia mistari ya pembeni. Asiposubiri, rangi huvurugana. Fundi yeyote wa rangi anaijua kanuni hiyo.

Niliporudi nyumbani nilikusanya makopo yenye mabaki ya rangi, nikapata kipande cha ubao kwa seremala, nikachora kanga wawili chini ya mbuyu. Madoa peke yake yalinichukua jioni tatu. Jirani yangu alipoiona picha hiyo aliniuliza, "Sasa hii unamtengenezea mzungu gani?"

Ndugu Mhariri, swali hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii. Mbuyu ni wetu, kanga ni wetu, na mwanzilishi wa sanaa hiyo alikuwa kibarua kama sisi. Imekuwaje basi tuone kuwa picha ni mali ya mgeni, nasi kuta zetu tuziachie kalenda za maduka?

Sisemi watalii wasiuziwe, kwani wachoraji wanalisha watoto wao kwa fedha hizo. Lakini mwenye duka akitegemea mteja wa aina moja, siku mteja huyo asipokuja duka hufungwa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia watalii kusafiri, sote tulijifunza jambo hilo. Mwananchi akinunua japo kipande kidogo cha kutundika sebuleni, mchoraji atakuwa na soko lisilongoja ndege itue.

Ninatoa maoni mawili. Kwanza, wahusika wa utamaduni wazipeleke picha hizi mikoani zikaonyeshwe, wakianzia Tunduru alikozaliwa mwenyewe, ili watoto wa huko wajue kwamba jina hilo si la mtambo tu. Pili, shule zisingoje vifaa vya gharama kubwa ndipo zifundishe kuchora. Kipande cha ubao na rangi iliyobaki katika kopo vinatosha kuanzia, mwalimu akiwa karibu.

Kwa upande wangu nimekwisha zungumza na mafundi wenzangu watano. Mabaki ya rangi ya kazi za mwezi huu hatutayamwaga, bali tutayapeleka katika shule ya msingi ya mtaani kwetu. Mafundi wa mitaa mingine nao wafanye hivyo.

Fundi Rangi,
Mbagala, Dar es Salaam.