KUSAFISHA MASALIA YA RISASI NDANI YA MTUTU WA BASTOLA NDOGO

Watumishi wa Serikali na wakaazi wanaomiliki bastola ndogo kwa leseni, pamoja na wenye dhamana ya kutunza silaha za ulinzi na za mashindano ya shabaha, wanafahamishwa juu ya utunzaji wa mitutu ya silaha hizo na madhara yanayoweza kuzifikia nyumba zao iwapo kazi hiyo itafanywa ovyo. Maelezo haya yanahusu hasa bastola za kaliba .22, ambazo upenyo wa mtutu wake ni milimita 5.6 hivi.

Risasi za namna hiyo mara nyingi hazina gamba gumu la shaba. Kinachoruka ni kipande cha madini ya risasi chenye uzito wa gramu 2.6 hivi, kilichopakwa nta au grisi. Kiswahili, kama Kiarabu kilikolitoa neno hilo, huyaita madini na kinachofyatuliwa kwa jina moja, na kwa bastola hizi jina hilo ni la haki kabisa. Madini hayo ni laini na huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Kipande kisipoubana mtutu barabara, moto wa baruti hupenya ubavuni mwake, hukila kingo zake na kuyapaka madini kwenye kuta. Mtutu wenye vishimo vya kutu nao hukikwaruza kipande kinapopita, jambo lisilo geni mahali penye hewa ya chumvi.

Dalili zake ni shabaha kutawanyika bila sababu na michirizi ya kijivu inayong'aa ndani ya mifereji ya mzunguko, hususan karibu na chemba. Hata hivyo si kila weusi ni risasi. Katika kaliba hii, uchafu mwingi ni masizi ya baruti na nta, ambao hutoka kwa kitambaa na dawa ya kusafishia bunduki. Anayesugua kwa nguvu mtutu usio na tatizo huenda akauharibu kuliko mpigaji mwenyewe.

Kabla ya lolote, silaha ielekezwe upande usio na mtu, magazini itolewe, kisha chemba ifunguliwe na kutazamwa kwa macho na kupapaswa kwa kidole. Utaratibu huo usipinduliwe. Kutoa magazini peke yake hakuiondoi risasi iliyokwisha kuingia chemba, na wapo waliopoteza maisha kwa kulisahau hilo.

Dawa za kawaida huyeyusha masizi, lakini haziyeyushi risasi. Kazi yake ni kulainisha tu. Madini huondolewa kwa kusuguliwa. Mtutu ulowanishwe kwa dawa na kuachwa kwa dakika kadhaa, kisha ipitishwe brashi ya nyuzi za bronzi. Pakiwa na michirizi sugu, brashi iliyochakaa izungushiwe nyuzi laini za shaba nyekundu tupu, ambazo ni laini kuliko chuma cha mtutu na kwa hiyo huvua risasi bila kukwaruza. Nyuzi za chuma za kusugulia masufuria zisitumike. Ufito uingizwe kutoka upande wa chemba pale umbo la silaha linaporuhusu, na brashi itoke yote kabla ya kurudishwa. Ufito ukilazimika kuingilia mbele, uwekewe kizuizi usiguse ukingo wa mdomo, kwa maana mkwaruzo mdogo hapo huipotosha kila risasi itakayofuata.

Baadhi ya watu huchanganya siki na haidrojeni peroksaidi na kuumimina mtutuni. Ni kweli kwamba mchanganyiko huo huyeyusha risasi. Lakini huigeuza kuwa chumvi ya sumu inayoyeyuka majini, na waweza kukila chuma chenyewe. Usitumike.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima kutokana na kiasi kilekile walichomeza. Madhara kwa akili ya mtoto huenda yasirekebishike. Kwa hiyo bastola isisafishwe jikoni, wala juu ya meza ya chakula, wala mbele ya watoto na wajawazito. Kazi ifanyike penye hewa, kwa glavu, bila kula wala kuvuta sigara. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe kavu. Nguo zilizovaliwa zifuliwe peke yake na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mtutu ukishakauka, upakwe mafuta mepesi dhidi ya kutu, na yafutwe kabla ya kupiga tena. Ikiwa michirizi itarudi baada ya risasi chache tu, silaha ipelekwe kwa fundi mwenye kibali aukague mtutu. Vitambaa na nyuzi zilizotumika zifungwe ndani ya mfuko. Zisichomwe moto wala kutupwa karibu na kisima.